SOMO KWA WATUMISHI NA WAKAAZI: UVUVI WA BURUDANI NA MWONGOZAJI KATIKA MKOA WA KATAVI

1. MADHUMUNI YA SOMO

Watumishi wa Serikali na wakaazi wote wa visiwani wanaarifiwa kuwa somo la ukurasa huu linahusu uvuvi wa burudani wa mshipi katika mkoa wa Katavi, Tanzania Bara. Limetayarishwa kwa ajili ya wale wanaosafiri kwenda Mpanda na vitongoji vyake kwa kazi, kwa masomo, kwa biashara au kwa likizo, na ambao wakifika huko hutamani kushika mshipi kama walivyozoea kwao.

Msomaji anaweza kujiuliza: mtu aliyezaliwa kando ya bahari ana haja gani ya kufundishwa kuvua? Wahenga wamekwisha kumjibu waliposema kuwa mwana-maji wa Kwale kufa maji mazoea. Mzoefu wa maji ya aina moja ndiye aliye katika hatari zaidi anapoingia katika maji ya aina nyingine, kwa kuwa mgeni asiyejua kitu huuliza, na mzoefu hujiona hana la kuuliza.

Shabaha ya somo ni moja, nayo tunaiweka wazi tangu mwanzo ili isipotee njiani. Mwongozaji wa uvuvi halipwi kwa sababu ya kuonyesha samaki walipo peke yake. Analipwa kwa mambo matatu: kukurejesha pwani salama, kukuzuia usivunje sheria ya mahali, na kukwambia ni samaki gani usimguse hata kama yuko mbele ya macho yako. Jambo hili la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo lenye madhara ya muda mrefu kwa wenyeji.

2. MAHALI PENYEWE

Mkoa wa Katavi ulianzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Rukwa. Makao yake makuu ni mji wa Mpanda, ambao unafikiwa kwa barabara na pia kwa njia ya reli inayochepuka Kaliua, magharibi ya Tabora. Mkoa una maji ya aina mbili ambayo mvuvi lazima ayatofautishe.

Aina ya kwanza ni maji ya mito na mabwawa ya ndani. Mto mkubwa ni Katuma, unaopita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kulisha mbuga za Katavi na Chada, kisha maji yake huelekea Ziwa Rukwa kupitia mto Kavuu. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1974, ikapanuliwa katika miaka ya 1990, na sasa ina eneo la kilomita za mraba 4,471. Wakati wa masika mbuga hizo huwa ziwa. Wakati wa kiangazi hukauka hadi kubaki madimbwi machache, na humo kambare, mamba na viboko hubanana pamoja. Anayepita Sitalike, kusini mwa Mpanda, huweza kuwaona viboko hao karibu na daraja la Katuma.

Aina ya pili ni Ziwa Tanganyika, lililo magharibi ya mkoa. Kutoka Mpanda hadi Karema kwenye ufuko wa ziwa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Karema ni mahali penye historia inayogusa visiwa vyetu, kwa kuwa misafara iliyofika huko katika karne ya 19 ilianzia pwani inayotazamana na Unguja. Mwaka 1879 Mbelgiji Ernest Cambier alijenga kituo hapo, na mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa wamisionari. Ikola nayo ni bandari ya wavuvi katika ufuko huo huo.

Ziwa hili lina urefu wa kiasi cha kilomita 670, na kina chake kikubwa kabisa ni mita 1,470. Duniani ni ziwa la Baikal tu lililo na kina kukizidi hiki. Nchi nne zinashirikiana kulimiliki, nazo ni Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia.

3. MAZOEA YA BAHARI YASIYOFAA ZIWANI

Mkaazi wa visiwani huvua kwa kufuata bamvua na maji mafu. Ziwani hakuna bamvua. Maji hayajai wala hayapwi kwa saa zinazojulikana, na kwa hiyo hesabu ya mwezi aliyoizoea mvuvi wa Nungwi au wa Wete haimsaidii kwa namna ile ile. Mwezi una kazi nyingine huko. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na taa hazina nguvu mbele ya mbalamwezi. Basi katika siku za mwezi mpevu wengi hupumzika na kutengeneza nyavu zao. Mgeni anayetaka mwongozaji mwenye nafasi hufanya vyema kuulizia siku hizo.

Kinachotawala ziwa ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba hivi, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu juu ya maji yaliyo marefu kama mkono wa bahari, na huinua mawimbi yanayotisha boti ndogo. Kuanzia Oktoba hadi Aprili, wakati wa joto na mvua, asubuhi nyingi huwa shwari. Huo ndio msimu ambao mgeni hupenda kutoka, lakini una hila yake. Dhoruba ya radi huweza kuzuka mchana bila ya taarifa ndefu, na mvuvi aliyeinua fimbo ya kaboni juu ya maji wazi amejifanya kuwa kitu kirefu kuliko vyote vilivyomzunguka. Kaboni hupitisha umeme. Mwongozaji akisema turudi, hapana mjadala, hata kama mawingu yangali mbali na samaki ndio kwanza wanaanza kula.

Jambo la tatu ni kuwa maji yasiyo na chumvi hayabebi mwili kama maji ya bahari. Muogeleaji wa Unguja aliyezoea kuelea bila taabu atajikuta anazama zaidi na kuchoka mapema. Hii ni sababu tosha ya kuvaa jaketi la kuokolea wakati wote mtu akiwa botini. Jaketi lililokaliwa kama mto wa kiti halimsaidii mwenye nalo.

4. SAMAKI WA UKINGONI

Hapa ndipo penye kiini cha somo.

Mtu akilitazama Ziwa Tanganyika hudhani kuwa samaki wametapakaa kila mahali hadi chini kabisa. Sivyo. Maji ya juu yana joto la kiasi cha nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi na hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yaliyo baridi zaidi. Kwa sababu hiyo hewa ya oksijeni haifiki chini. Upande wa kaskazini hukoma kwenye kiasi cha mita 100, na kusini hufika mita 200 hivi. Chini ya hapo ni maji yasiyoweza kubeba uhai wa samaki. Ziwa lote hilo kubwa, basi, lina samaki katika tabaka la juu tu, mithili ya utando wa maziwa juu ya chungu kirefu.

Tena sehemu kubwa ya ufuko hushuka ghafla. Ukanda wa maji ya ukingoni, wenye mawe, mchanga na majani, ni mwembamba. Ukanda huo mwembamba ndio skuli ya watoto ya ziwa zima, na ndio huo huo ambao mvuvi wa burudani huufikia kwa urahisi.

Tuwatazame samaki wenyewe.

(a) Kuhe. Huyu ni mkubwa kuliko samaki wote wa jamii ya perege duniani, na hufikia urefu wa sentimita 60 na zaidi. Hapatikani popote pengine ila Ziwa Tanganyika. Nyama yake inapendwa mno na wenyeji. Wakati wa kuzaa, dume na jike hutaga mayai kwa maelfu sehemu ya wazi ya ukingoni na kuyalinda wote wawili. Baada ya mayai kuanguliwa huendelea kulinda kundi la watoto. Mlinzi wa namna hii hushambulia kila kinachokaribia, na chambo bandia kinachopita mbele yake nacho hushambuliwa.

Msomaji na afikiri vizuri. Mvuvi mgeni amesimama juu ya boti, maji ni safi, anaona samaki wawili wakubwa wamekaa mahali pamoja hawaondoki. Anatupa mshipi. Samaki anakamata mara moja. Mgeni anafurahi na kusema kuwa leo ana bahati. Kumbe samaki hakukamata kwa njaa. Alikuwa akipigania watoto wake. Mara tu anapoondolewa, samaki wadogo waliokuwa wakinyemelea pembeni huingia na kuwala watoto hao, na mlinzi mmoja aliyebaki hawezi kuwazuia pande zote. Ndoano moja imeondoa samaki mmoja kwa macho, na mamia kwa hesabu. Hata kama atarejeshwa majini baada ya dakika chache, kiota huenda kikawa kimekwisha kuvamiwa.

(b) Sangala na jamaa zake. Hawa ni wa ukoo mmoja na sangara wa Ziwa Victoria, lakini ni wa Tanganyika peke yake. Wamo wakubwa wanaokaa vilindini, na yumo mgebuka, aliye mdogo zaidi na anayetembea kwa makundi katika maji ya wazi. Watoto wa sangala wakubwa hulelewa katika majani ya ukingoni kabla ya kuhamia vilindini. Sangala wakubwa wamepungua sana tangu uvuvi wa kibiashara wa nyavu kubwa ulipoenea ziwani katika nusu ya pili ya karne ya 20. Kwa hiyo sangala mdogo aliyenaswa kwenye majani ni mtoto aliyetolewa darasani, na anastahili kurejeshwa.

(c) Samaki wa jenasi Hydrocynus. Huyu ana mistari ubavuni na meno marefu yanayoonekana hata akifumba mdomo. Hupatikana zaidi karibu na midomo ya mito. Hukata mshipi wa kawaida kama mkasi, na kwa hiyo hufungwa kipande cha waya mbele ya ndoano. Wavuvi wa burudani kutoka nchi nyingi humtafuta kwa ajili ya nguvu zake. Ni samaki wa kuvuliwa na kurejeshwa, na vidole vya mvuvi ndivyo vilivyo katika hatari anapotolewa ndoano.

(d) Kambare. Anapatikana mitoni na ziwani. Huvumilia uhaba wa hewa na haumizwi upesi na kushikwa. Mwanafunzi wa uvuvi afadhali aanze na huyu.

Ipo sababu nyingine ya kuwahurumia samaki wa ukingoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa kuongezeka kwa joto la ziwa katika karne ya 20 kumepunguza mchanganyiko wa maji ya juu na ya chini. Virutubisho vilivyoko chini havipandi kama zamani, chakula cha dagaa hupungua, na kila anayemla dagaa huathirika. Mvuvi wa burudani hawezi kulipoza ziwa. Anachoweza ni kutoongeza mzigo juu ya mzigo.

5. MWONGOZAJI NI NANI

Kwa mujibu wa somo hili, mwongozaji ni mwenyeji anayelijua eneo, mwenye chombo kilichosajiliwa au anayefanya kazi na mwenye chombo hicho, anayejulikana na uongozi wa kijiji na Kikundi cha Usimamizi Shirikishi wa Rasilimali za Uvuvi, kwa kifupi BMU. Mara nyingi ni mvuvi aliyeishi kwa kazi hiyo tangu ujana wake. Kila mvuvi hodari anajua pa kupata samaki, lakini si kila mvuvi hodari ni mwongozaji. Tofauti yao ni kuwa mwongozaji yuko tayari kumkatalia mgeni anayemlipa.

Kabla ya kufunga makubaliano, mgeni amuulize maswali matano kwa adabu:

Kwanza, upepo wa wiki hii ukoje, na saa ngapi tuwe tumerudi? Mwongozaji mzuri hutaja saa ya kurudi kabla ya saa ya kutoka.

Pili, ni maeneo gani yamefungwa au yana mazalia kwa sasa? Akijibu kuwa popote ruhusa, mgeni aulizie pia kwa BMU.

Tatu, majaketi ya kuokolea yako mangapi, na yako wapi? Ayaone kwa macho yake.

Nne, leseni na vibali vyangu na vyako viko vipi?

Tano, malipo ni kiasi gani, mafuta ni ya nani, na samaki watakaobaki ni wa nani? Mambo haya yakisemwa pwani hayazushi ugomvi majini. Ni desturi njema samaki wa kuliwa agawiwe mwenyeji kwanza.

Mgeni naye ana wajibu wake. Amwite mwongozaji kwa heshima inayostahili umri wake, asimharakishe, wala asimwongezee fedha ili ampeleke alikokwisha kusema hapafai. Fedha ya namna hiyo humweka mwenyeji kati ya njaa ya nyumbani na amana ya kijiji chake, na si haki kumjaribu mtu hivyo.

6. ZANA NA NAMNA YA KUMREJESHA SAMAKI

Fimbo moja ya wastani na mshipi madhubuti zatosha. Mshipi mwembamba mno huonekana kuwa ni ustadi, lakini hurefusha pambano. Katika maji ya joto oksijeni huwa kidogo, na samaki aliyepambana kwa muda mrefu huchoka kiasi cha kufa baadaye, ingawa aliogelea alipoachiwa. Mvuvi aliyemwachia huondoka akidhani amefanya hisani.

Hatua za kumrejesha ni hizi:

(i) Kabla ya kuvua, kijino cha nyuma cha ndoano kibanwe kwa koleo ili ndoano itoke bila kuchana.

(ii) Samaki aletwe upesi, na abaki majini kadiri iwezekanavyo wakati ndoano inatolewa.

(iii) Ikibidi kumshika, mikono ilowanishwe kwanza. Ute unaomfunika ni kinga yake dhidi ya maradhi, na mkono mkavu au kitambaa huuondoa.

(iv) Asiinuliwe kwa matamvua wala kulazwa juu ya ubao uliopigwa na jua. Anayetaka picha aitayarishe kamera kabla, na asizidishe muda ambao yeye mwenyewe angeweza kuzuia pumzi.

(v) Ashikwe wima majini hadi aondoke kwa nguvu zake.

Kanuni hizi hazimfai samaki aliyevutwa kutoka vilindini. Sangala akipandishwa haraka kutoka kina kirefu, hewa iliyo ndani ya kifuko chake hutanuka na kumjeruhi, na hawezi kushuka tena. Samaki huyo akirejeshwa huelea na kuliwa na ndege. Kwa hiyo, anayekusudia kurejesha samaki asivue vilindini. Na anayevua vilindini ajihesabie kila samaki kuwa amechukuliwa, aache anapopata wa kumtosha.

7. USALAMA WA MWILI

Mamba wapo katika mito ya Katavi, katika Ziwa Rukwa na katika baadhi ya fukwe za Ziwa Tanganyika. Mvuvi asisimame ndani ya maji wala kuchutama ukingoni. Samaki wasisafishwe mahali watu wanapooga, wanapoteka maji au wanapotia boti, maana matumbo ya samaki humwita mamba, na mamba akizoea mahali hubaki baada ya mgeni kuondoka. Atakayejeruhiwa ni mtoto wa kijiji aliyetumwa maji.

Kiboko ni hatari zaidi anapokatiwa njia ya kurudi majini. Asubuhi na mapema na magharibi, mvuvi asipite baina ya kiboko na maji. Boti isiingizwe katika mkondo mwembamba ambao viboko wameonekana.

Katika mawe ya ukingoni mwa Ziwa Tanganyika yuko pia swila wa majini, anayekula samaki. Aina hiyo ya ziwa hili imepewa jina la Émile Storms, Mbelgiji aliyekuwa mkuu wa kituo cha Karema katika miaka ya 1880. Si mchokozi, lakini ana sumu. Mkono usitiwe katika mianya ya mawe kutafuta chambo.

Kichocho nacho kisisahauliwe. Wakaazi wa Unguja na Pemba wanakijua vizuri kutokana na mito na mabwawa yetu. Kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono, hatari ni ile ile. Aliyeingia katika maji hayo na afike kituo cha afya kupimwa baada ya wiki kadhaa, hata kama hajisikii vibaya.

8. SHERIA NA VIBALI

Uvuvi wa maji ya ndani si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya mwaka 2010, na Tanzania Bara ina Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 pamoja na Kanuni zake za mwaka 2009. Leseni iliyotolewa Unguja au Pemba haimpi mtu haki ya kuvua Karema au Ikola. Mgeni afike kwa Afisa Uvuvi wa halmashauri husika kabla ya kutupa mshipi, aeleze kuwa anakusudia kuvua kwa burudani, na apatiwe leseni inayostahiki. Uvuvi wa burudani si wa kuuza. Anayetaka kuuza anahitaji leseni ya aina nyingine.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi hairuhusiwi kuvua bila kibali cha Shirika la Hifadhi za Taifa. Kambare waliobanana dimbwini wakati wa kiangazi huonekana kama mali ya bure. Hao ni chakula cha mamba na ndege wa hifadhi, na wachache watakaosalia ndio mbegu ya masika yajayo. Upande wa kaskazini, katika mkoa wa Kigoma, Hifadhi ya Milima ya Mahale iliyoanzishwa mwaka 1985 ina mpaka unaoingia ziwani kilomita 1.6. Boti inayopita karibu na ufuko huo imo hifadhini ingawa haijagusa nchi kavu. Aidha, mpaka wa Tanzania na Kongo umo katikati ya ziwa, na kufukuza kundi la migebuka hadi ng'ambo si udhuru mbele ya askari wa nchi yoyote.

Kuna pia vipindi vya kufunga ziwa. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Kwa familia za mwambao hilo halikuwa jambo jepesi, kwani miezi mitatu ni mirefu kwa nyumba isiyo na shamba. Mgeni anayepanga safari na aulizie mapema kama kipindi cha namna hiyo kimetangazwa. Na akifika baada ya kufunguliwa, akumbuke kuwa kila samaki anayemwona amelipiwa kwa subira ya watu hao.

Sisi wa visiwani si wageni wa fikra hii. Eneo la matumbawe la Chumbe limezuiwa kuvuliwa tangu mwaka 1994, na kila mvuvi wa Unguja anajua kuwa samaki wanaokulia mahali palipohifadhiwa huvuka mipaka na kumfikia nje.

9. MTUMISHI ALIYE SAFARINI

Kwa watumishi wa Serikali tunaongeza neno. Aliyefika Mpanda kwa kazi avue siku ya mapumziko yake, kwa gharama yake, na kwa usafiri wake. Gari na mafuta ya umma si ya kupelekea mishipi ziwani. Asikubali boti ya bure kutoka kwa mtu ambaye kazi yake inahitaji uamuzi wa ofisi yake, wala asimfanye mwongozaji aone haya kudai malipo kwa sababu ya cheo cha mgeni. Mvuvi wa Ikola aliyeacha nyavu zake siku nzima amepoteza chakula cha nyumba yake, na malipo yake ni haki.

10. MUHTASARI NA MASWALI YA KUJIPIMA

Tumeona kuwa Ziwa Tanganyika ni kubwa kwa macho, lakini samaki wake wanaishi katika tabaka la juu, na watoto wengi wanalelewa katika ukanda mwembamba wa ukingoni. Tumeona kuwa samaki aliye rahisi kunaswa hapo mara nyingi ni yule asiyestahili kuchukuliwa. Na tumeona kuwa mwenyeji anayelijua hilo, na mwenye ujasiri wa kulisema mbele ya mgeni anayemlipa, ndiye mwongozaji.

Msomaji ajipime kwa maswali haya. Walimu wa skuli na viongozi wa vikundi vya wavuvi wanaweza kuyatumia katika mazungumzo.

1. Kwa nini mvuvi wa baharini anaweza kuwa katika hatari zaidi ziwani kuliko mtu asiyewahi kuvua?

2. Umeona kuhe wawili wametulia mahali pamoja na hawakimbii boti. Utafanya nini, na kwa sababu gani?

3. Eleza kwa nini kumrejesha sangala aliyevutwa kutoka kina kirefu si hisani.

4. Una leseni ya uvuvi kutoka Pemba. Ni ofisi gani utakayofika kwanza ukiwa Karema?

5. Mwongozaji anasema turudi, na wewe umelipia siku nzima. Mawingu yangali mbali. Utamjibu nini?

Majibu ya maswali manne ya mwanzo yamo ndani ya somo. Swali la tano lina jibu fupi kuliko yote, nalo ni kukunja mshipi.